Siku Mama Yako Aliposema Njia

Mbulu mjini, Jumapili jioni, mwisho wa Juni. Mwaka wa arobaini na sita tangu nitoke Balangdalalu.

Mwanangu Veronika,

Mabegi yako yapo mlangoni na wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa wodini. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaishia kukuuliza kama umebeba sweta. Habari za sweta, nauli na chakula cha safarini sitaziandika. Wewe ni muuguzi, umewavalisha na kuwalisha watu wengi kuliko mimi, na huko Dodoma baridi yenyewe si ya kutisha mtu wa Mbulu.

Ninaandika kuhusu gari la Jumatano. Wewe na baba yako mdogo Gidamis mmepanga kwamba ukishaondoka kesho, Jumatano lije gari litupeleke mimi na mama yako Balangdalalu, tukaishi kwenye chumba alichotujengea pembeni ya boma lake. Nilikubali mbele yako, tena nilikubali haraka mno, kama mtu aliyekuwa ameshika mlango akisubiri kuitwa. Sasa nimefikiri tena. Ili nikueleze ni lazima nirudi wodini, mwezi ule wa pili, na nianzie kwenye mila ambayo wewe, uliyezaliwa huku juu, uliiona kama mchezo wa mama yako.

Kwetu mwanamke akiolewa hataji jina la baba mkwe wake. Si jina tu. Hata neno la kawaida linalofanana nalo huliacha, akatumia jingine mahali pake. Sio woga. Ni adabu, kama wewe unavyosema shikamoo bila kujiuliza. Babu yako alizaliwa safarini, watu wakihamisha ng'ombe, akapewa jina linalotokana na neno letu la njia. Siku mama yako alipoingia nyumbani kwetu, neno njia likaisha kinywani mwake. Kwa Kibarbaig alikuwa na neno la badala, kama walivyo nalo wanawake wote wa kwetu. Kwa Kiswahili hakulazimika, maana neno la Kiswahili halifanani hata kidogo na jina la Mzee. Lakini malisho yetu yalipogeuka mashamba na sisi tukapanda huku kutafuta maisha, alijiongezea mwenyewe. Akasema "pale pa kupitia". Pale pa kupitia pameharibika kwa mvua. Ng'ombe wa padri wamelala kwenye pale pa kupitia. Kanisani, wimbo ukifika kwenye njia alifunga mdomo, akaingia tena kwenye neno lililofuata bila kupoteza sauti. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamtega: "Mama, basi la Babati linapita wapi?" Naye anakujibu, "Linapita linapopita."

Kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia ukalala na maneno yakabaki machache, kama viazi vya mwisho wa gunia. Wewe ulikuwa wodi ya wanaume wiki hizo, ukija kwetu kila zamu ilipokwisha. Unakumbuka nesi yule kijana aliyekuja na picha. Kikombe mama yako alikitaja kwa shida. Ufunguo alionyesha tu kwa mkono mzima, akizungusha hewani. Ilipokuja picha ya njia inayopita katikati ya miti, akasema, "Pa kupitia." Nesi akaandika kwamba neno limempotea. Wewe ukamwambia, "Hilo halijapotea, dada. Hilo amelificha mwenyewe tangu kabla sijazaliwa." Mkacheka wote wawili, na yule binti akafuta. Kisha akamuuliza leo ni tarehe ngapi, mama yako akajibu ni mnada. Ilikuwa kweli siku ya mnada. Mimi, niliyekuwa nimekaa pale na gazeti mapajani, ndiye niliyelazimika kulifunua nione tarehe.

Ninakumbuka mambo hayo kwa shukrani. Watu wale walikuwa wachache na vitanda vilijaa, lakini hakuna aliyetusemesha kwa ukali. Hata nilipokosea.

Kukosea kwangu kulianza kwa utaratibu wangu. Unanijua. Niliipeleka miwani yake nyumbani isije ikapotea wodini. Shuka yake ya mistari, ile anayojifunika mabegani, niliichukua nikaifua, na kwa baridi na ukungu wa siku zile ikakaa kambani haikauki. Halafu akanyamaza. Alilala mchana kutwa, akiamshwa anafumbua macho kidogo na kuyafumba. Jirani yetu Mama Paskali alikuja na uji, nikamkataza kumwamsha. Nilisema amechoka, aache apumzike. Nikamshukuru Mungu kwa usingizi ule. Sikujua kwamba ugonjwa wa kuweweseka, akili inapovurugika ghafla, unaweza kuja kimyakimya hivyo, na kwamba mzee anayelala kupita kiasi baada ya kiharusi anapaswa kutazamwa sawa na yule anayepiga kelele na kung'oa dripu. Hilo ulinifundisha wewe baadaye, na ulinifundisha bila kunilaumu.

Kesho yake, jua likianza kushuka, alifumbua macho akasema kwa Kibarbaig, kwa sauti safi ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue, kwamba njia imejaa ndama. Alisema njia. Kisha akamwita babu yako kwa jina, akamwomba aje afungue zizi.

Sitaliandika jina hapa, kwa sababu barua hii utamsomea mama yako kabla hujalala. Lakini nataka ujue ilikuwaje kwangu. Huku juu hakuna aliyemfahamu baba yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema "Mzee" au "babu yake Veronika". Tangu nimzike sikuwa nimelisikia jina lake likisemwa na mtu aliyempenda. Sasa likatoka kinywani mwa mtu ambaye kwa maisha yetu yote alikuwa amelizunguka kama mtu anayezunguka kaburi. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi hadi nikasimama. Niliona mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulimi wake umefunguka, na kwamba sasa ananizawadia jina la baba yangu.

Nikatoka nje ya wodi nikampigia Gidamis. Nilimwambia shemeji yake amepona, ametaja jina la Mzee.

"Kaka, ametaja?"

"Ametaja. Amemwomba afungue zizi."

"Basi anataka kurudi nyumbani."

Ndivyo mpango huu ulivyozaliwa. Haukuanza na wewe, wala haukuanza na mama yako. Ulianza kwenye simu ile, kati ya wazee wawili waliosikia walichotaka kukisikia.

Ulipofika ukiwa bado na sare, nilikueleza kama mtu anayetoa habari ya mtoto kuzaliwa. Wewe hukutabasamu.

"Baba, amesema njia?"

"Amesema. Tena si mara moja."

"Mama hasemi njia."

"Ndiyo nakuambia, amepona."

"Baba, mama akiwa mzima hasemi njia. Huyu anayesema njia hajui yuko wapi."

Ukainama kwake ukamsalimu shikamoo. Hakuitikia. Mama yako, ambaye hata akiwa na homa hajawahi kuacha kuitikia shikamoo, alikutazama kama unavyomtazama mtu anayepita kwenye mnada. Ukaanza kuniuliza. Alikunywa maji mara ya mwisho lini? Jana alilala saa za usiku au za mchana? Anameza vizuri? Ukainua mfuko wa mkojo, na hata mimi nikaona umekuwa na rangi ya chai iliyokaa. Miwani iko wapi? Nikajibu kwamba miwani iko salama. Ulimwita daktari.

Nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya mashahidi kama walivyoyatamka, bila kuongeza wala kupunguza, na nilisifiwa kwa hilo. Pale wodini niliandika kichwani kila neno alilolitamka mama yako, na kila neno lilikuwa sahihi. Niliyemkosa ni shahidi mwenyewe. Tangu siku ile nimekuwa mwangalifu zaidi na sifa zile.

Nilikosea pia mara ya pili, na hili hujawahi kulisikia, kwa kuwa ulikuwa umekwenda kufuata dawa. Aliendelea kumwita Mzee, nami nikaona nimrudishe kwenye ukweli. Nikamwambia baba amekufa, amekufa zamani, wewe ulikuwepo. Akalia kama mtu anayepata msiba saa ile ile. Baada ya muda akasahau, akamwita tena, nami nikamwambia tena. Ulipowakuta wagonjwa wa jirani wamegeuzia nyuso ukutani, uliniomba tu ninyamaze. Ukamshika mkono, ukamwambia jina lako, ukamwambia yuko hospitali ya Mbulu, mvua inanyesha, na mumewe yupo hapa. Hukumbishia kuhusu ndama, wala hukumfuata kwenye ndama. Ulisimama katikati ukamngoja. Sijaona adabu ya namna ile kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Daktari alikuta maambukizi kwenye mkojo, na mwili wake ukiwa mkavu kwa sababu kumeza kulikuwa shida na hakuna aliyehesabu vikombe. Akapewa dawa na maji. Kitanda kikasogezwa dirishani. Miwani ikarudi, shuka ikarudi bado ina unyevunyevu pembeni. Mama Paskali akapewa kazi ya kumpigisha soga mchana asilale, na kwa kazi hiyo, mwanangu, serikali haijawahi kuajiri mtu bora. Aliniona nikikoroga uji kwenye jiko la nyuma ya wodi akasema, "Baba Vero, ninyi watu wa ng'ombe mna shida. Unausimamia uji kama utakimbia. Koroga, hauna miguu." Mama yako hakucheka siku hiyo, ila aligeuza kichwa kuelekea sauti.

Ilichukua siku kadhaa. Kisha asubuhi moja Mama Paskali akaingia amelowa, akilalamikia matope tangu mlangoni, na mama yako akamuuliza, taratibu, neno moja moja, kama pale pa kupitia pameharibika. Nikageukia dirishani.

"Baba Vero, mbona unalia?" Mama Paskali akasema. "Ni matope tu."

Jina la baba yangu lilikuwa limefungwa tena, nami nikashukuru kuliko nilivyoshukuru lilipofunguliwa.

Sasa unakwenda Dodoma kujiunga na watafiti wanaotaka kujua mapema ni mzee yupi mwenye kiharusi yuko hatarini kuweweseka kabla hajaanza. Uliponieleza mara ya kwanza, tukiwa tunapukuchua mahindi uani, nilikutania. Nilisema kwetu kazi hiyo walikuwa nayo waganga waliosoma matumbo ya mbuzi, na kwamba nimekusomesha miaka yote hiyo ili uwe mpiga ramli.

"Mpiga ramli anakuambia litakalokuja, baba," ulinijibu. "Mimi nitasema tu nani alazwe karibu na macho ya watu."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Ulinieleza mnachokitazama: umri, kama mtu alikuwa ameanza kusahau hata kabla ya kiharusi, kiharusi chenyewe kimekuwa kizito kiasi gani, kama anameza, kama ana homa au maambukizi, kama haoni au hasikii vizuri. Hakuna kimoja kinachotosha chenyewe, ulisema, lakini vikikusanyika kwa mtu mmoja, mtu huyo apewe maji kwa kuhesabu, aamshwe mchana, avalishwe miwani yake, na ndugu waambiwe nini cha kuangalia. Nilipukuchua hindi zima nikimwona mama yako katika kila ulichotaja. Alikuwa navyo karibu vyote. Kama mtu angejumlisha siku ya kwanza, miwani isingekwenda nyumbani.

Kwa hiyo nenda. Usibaki kwa ajili yetu. Kuna wazee wamelala sasa hivi kwenye wodi nyingine, na waume zao wamekaa pembeni wakimshukuru Mungu kwa usingizi.

Nina jambo moja tu la kukuomba kuhusu kazi yenyewe, nawe utalipima kama linafaa. Wengi utakaowakuta watakuwa kama sisi, watu wa lugha mbili, ambao Kiswahili walikikuta ukubwani. Mtu kama huyo anaweza kukosa tarehe na akili yake ni nzima. Anaweza pia kujibu vizuri na akawa hayupo. Baada ya kumuuliza mgonjwa, mgeukie anayelala naye chumba kimoja, umuulize: huyu wa leo ndiye yule wa jana? Anafanya nini leo ambacho si chake? Mimi ningeulizwa hivyo ningejibu palepale, ametaja jina la baba yangu. Ningejibu kwa furaha, lakini ningejibu, na wewe ungejua la kufanya na jibu langu.

Sasa gari la Jumatano.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba asemacho mtu katika hali ile si wasia. Ni kweli aliwataka ndama. Ni kweli aliomba zizi lifunguliwe. Lakini hata wewe, unayejua zaidi ya sisi sote, ulipopata nafasi ya Dodoma ulianza kusema, "Mama mwenyewe alitamani kule." Sikulaumu. Ulikuwa unatafuta mahali pa kutuweka ili uweze kuondoka ukiwa na moyo mwepesi. Nami nilikuwa natafuta ruhusa. Kwa miaka hii yote nimeamka nikitazama upande wa kusini, ulipo mlima Hanang, na nimejua ni mawingu gani yananyesha kwetu na yapi yanapita tu. Mgonjwa aliponipa nilichokitaka, nilikipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, ulipokuwa kazini, nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilimuuliza. Nilimngoja akae vizuri, avae miwani, anywe chai, nikamuuliza kwa Kibarbaig kama anataka twende kwa Gidamis. Alikaa muda mrefu akiyatafuta maneno. Unajua anavyoyatafuta sasa, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda. Akasema, "Maneno yangu yamebaki machache." Nikasema najua. Akasema, "Kule mengi yake ni mwiko."

Nilikuwa sijalifikiria hilo, Veronika. Nimesoma vitabu vingi na sijalifikiria. Hapa anaepuka neno moja, kwa kupenda kwake, na Mama Paskali hajui hata kwa nini. Kule kuna jina la baba yangu, na majina ya ndugu zake baba yangu, na kila jina na maneno yake, na shemeji na wakwe wamekaa wakimsikiliza. Akiwa msichana mwenye ulimi mwepesi aliruka maneno hayo yote kama mbuzi anavyoruka mawe. Leo kiharusi kimemchukulia nusu ya maneno yake, na mimi nilitaka kumpeleka mahali ambapo adabu itamchukulia nusu ya yaliyobaki. Angenyamaza tu. Na akinyamaza, nani kule angejua kama ni adabu au ni ule ugonjwa umerudi?

Nilimuuliza je, mimi? Maana nilitaka anihurumie kidogo. Akanitazama juu ya miwani. "Kule ni kwenu," akasema. "Hapa ni kwangu."

Kisha akaniomba nimsogezee kikombe.

Fikiria kama ungekuwa unamzungumzia mgonjwa wa mtu mwingine. Mzee aliyewahi kuweweseka mara moja, anameza kwa shida, uko tayari kumhamishia nyumba asiyoijua, mbali na daktari anayemjua, mbali na dirisha lake na sauti ya jirani yake? Ulinieleza uani, gunzi mkononi, kwamba mtu kama huyo yuko hatarini kurudia. Nilisikia. Ninakurudishia maneno yako tu.

Tutakuwa salama. Mama Paskali amesema atakuja kila asubuhi, na nilipomshukuru akaniambia haji kwa ajili yangu. Binti wa wodini, yule wa picha, amesema atapita akitoka zamu. Mimi ninajua sasa kuhesabu vikombe vya maji, ninajua rangi ya mkojo, ninajua usingizi upi wa kuushukuru na upi wa kuutilia mashaka. Yote hayo nimeyapata kwako. Watu husema mzazi humlea mtoto, na ni kweli kwa muda. Baada ya hapo ni kupokea tu, na mimi nimepokea sana.

Kuhusu mimi na nyanda zile, usinionee huruma. Nilipewa utoto kule, nikapewa mke kule, kisha nikapewa huku kazi, vitabu, majirani waliokuwa adui wa babu zangu wakanifundisha kulima, na wewe. Si wengi waliogawiwa sehemu mbili. Ninaposikia upepo wa jioni bado nasikia kengele za ng'ombe, na ninajua ni upepo.

Mchana huu nimempigia Gidamis. Akasema chumba atakiwekea mahindi, na kwamba mlango hautafungwa. Nimemshukuru. Gari lisije Jumatano. Panda basi lako ukiwa na moyo mwepesi, mwanangu, na ukifika uanze kazi.

Mimi sitarudi Balangdalalu.